Bondia Chipukizi

Saa nne usiku, chumba cha habari, Tabata.
Feni inazunguka kama inadaiwa
na mezani pangu ipo habari ya Kiingereza
inayotakiwa iwe ya Kiswahili kabla mtambo haujaanza kuchapa.
Neno la kwanza tu limenikwamisha:
apu-endi-kaming.

Yuko juu, na anakuja.
Nimeliandika hivyo nyuma ya risiti ya chipsi, nilitazame.
Kama yuko juu, anakuja wapi tena?
Na kama bado anakuja, nani alimwona huko juu?

Kajubi hainui hata macho kwenye simu:
"Chipukizi. Andika chipukizi, tukale."

Neno hili nimeligawa miaka mingi.
Wa kwanza kumpa alikuwa Chande Mbonde,
miaka kumi na tisa, uzito wa unyoya,
mkono wa kushoto uliofika kabla ya salamu.
Ukumbi wa Manzese, viti vya plastiki,
promota aliyelipa nusu na kuahidi nusu.
Mama yake aliikata ile habari, akaibandika kwenye kabati la vyombo,
akaisoma, kidole chini ya kila silabi,
chi-pu-ki-zi,
kama anayehesabu fedha ya mtu mwingine.

Wiki iliyopita nimemkuta sokoni Tandale,
gunia la mahindi mgongoni, ndevu zimeingia chumvi.
Jumamosi anapanda ulingoni, pambano la utangulizi,
na bango ukutani (si mimi niliyeliandika, naapa)
linasema BONDIA CHIPUKIZI.
Akacheka. Jino moja halipo.
"Kaka, mwaka wa kumi na nane huu nachipua.
Mgomba ungeshazaa, ukakatwa, na wanawe wakazaa."

Nikawaza kisamvu.
Kinachochumwa ni ncha, majani mororo ya juu,
kwa sababu yanatwangika.
Nani anahangaika na jani kukuu?
Promota analijua hilo. Nami, mwenye kinu cha maneno, nililijua.
Chipukizi halipwi, anapewa nafasi.
Anapewa nauli, soda, na "utaonekana, mdogo wangu".

Kiingereza hukitanguliza kivumishi mbele ya mtu,
unasikia anakuja kabla hujajua ni nani.
Sisi tunaanza na mwenyewe. Bondia, kwanza.
Hapo hakuna wa kumpokonya.
Kinachofuata kinafuata tu, kama mkia, kama deni,
wala hakibadiliki:
bondia chipukizi, mabondia chipukizi,
mmoja au mia, neno limesimama palepale.
Lenyewe halikui.

Nje ya dirisha upo mwarobaini chini ya nyaya.
Kila mwaka watu wa Tanesco huja na gari la ngazi,
wanaukata hadi unabaki kama ngumi,
na kila mwaka unarudi, mkaidi, kijani.
Sijasikia mtu akiuita mti chipukizi.
Vijana wanaegesha bodaboda kivulini mwake
wakiulizwa walipo wanasema: hapa mtini.

Kajubi keshabeba mkoba.
"Neno moja, saa nzima?"

Simjui kijana wa kwenye habari.
Kipa, wa Kigamboni, ameitwa majaribio nchi za watu.
Labda mama yake naye ana kabati la vyombo.
Nafuta. Naandika: kipa.
Pengo lililobaki kwenye mstari naliziba kwa umri wake, ishirini,
maana huo utajibadilisha wenyewe
bila kuniomba ruhusa.

Jumamosi nitawahi Manzese.
Mapambano ya utangulizi huanza mapema,
viti vikiwa bado vimepangwa
na hakuna aliyekaa.